SOMO: KUIKINGA KAUNTA YA JIKONI NA JOTO LA JIKO LA GESI LA KUPACHIKA

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tangu hapo suala la kuacha kuni na mkaa limeingia katika ajenda za bodi za vyama, hasa vile vyenye ukumbi wa mikutano, mgahawa, au nyumba ya wageni. Mara nyingi bodi hujadili bei ya jiko na bei ya mtungi, kisha kikao hufungwa. Meza ambayo jiko litakaa haijadiliwi, na huko ndiko hasara huanzia.

Somo hili linahusu jiko la gesi la kupachika, yaani lile ambalo mwili wake huzamishwa katika tundu lililokatwa kwenye kaunta, na juu zikaonekana plati na vishikio vyake tu. Jiko la namna hii linapendeza, halichukui nafasi, na ni rahisi kulisafisha. Lakini lina tabia moja ambayo jiko la mafiga halikuwa nayo. Mafiga hukaa juu ya udongo, na udongo haushiki moto. Jiko la kupachika limezungukwa pande zote nne na kitu ambacho, katika wilaya za Njombe na Wanging'ombe, takribani kila mara ni mbao.

Sababu ya kuwa mbao inajulikana kwa kila mwanachama. Kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, na kuingia ndani mpaka Kidugala, paini na mkaratusi ni mazao kama mahindi na viazi. Fundi seremala yuko karibu, na mbao haina haja ya kusafirishwa. Kwa hiyo mtu akiagiza kaunta huletewa mbao za paini zilizounganishwa kwa gundi na kupakwa vanishi, au chipubodi iliyofunikwa fomaika. Vyote viwili ni vizuri kwa kukatia mboga. Havikukusudiwa kukaa kando ya moto.

Hali ya nchi nayo inaongeza uzito wa jambo hili. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi za sentigredi, si 100 kama pwani. Maharage hayajui kwamba maji yanatokota. Yanajua joto tu. Ndiyo maana sufuria ya maharage inayowekwa saa mbili Dar es Salaam hukaa muda mrefu zaidi huku, na kila dakika inayoongezeka ni dakika ya joto juu ya kaunta. Kisha huja miezi ya Juni na Julai, ambapo baridi hushuka hadi kuleta sakitu, na mpishi hushawishika kufunga dirisha na kuacha plati ikiwaka bila chungu ili apate kuota moto. Desturi hii ni mbaya kwa mbao, na kwa mapafu ya mpishi ni mbaya zaidi, kwa kuwa moto wa gesi katika chumba kilichofungwa hula hewa na kutoa sumu isiyo na harufu.

Joto linavyoifikia mbao

Mtu akitazama jiko la kupachika huona kwamba moto uko katikati na kaunta iko mbali kiasi. Kwa sufuria ndogo, mambo ni hivyo kweli. Moto hupanda, hugusa kitako cha sufuria, hutambaa kidogo chini yake, kisha hewa ya moto hupanda kandokando. Kitako cha sufuria kikiwa kipana kuliko jiko, hewa ile haina pa kupandia. Husukumwa pembeni ikiwa imelala, hupita juu ya bamba la jiko, na hutokea juu ya kaunta ikiwa ingali na nguvu ya kubabua. Sufuria kubwa, kwa maneno mengine, hugeuka kuwa kifuniko kinachorudisha moto chini.

Plati kubwa ya jiko la nyumbani imetengenezwa kwa sufuria ya upana wa sentimita 24 hadi 26, ya kati sentimita 20 hivi, na ile ndogo sentimita 12 hadi 14 tu. Sasa na ichukuliwe mfano wa chama cha msingi kinachofanya mkutano mkuu wa mwaka. Wajumbe ni zaidi ya mia moja. Mpishi anapandisha sufuria la ugali lenye upana wa sentimita 60, linafunika plati mbili kwa pamoja, na anawasha zote mbili hadi mwisho. Kwa saa tatu kaunta ya paini inapokea moto ambao mtengenezaji wa jiko hakuufikiria kabisa. Siku ile hakuna kinachotokea, isipokuwa harufu tamu ya utomvu ambayo wapishi huidhania ni ya kuni za jirani. Mkutano wa pili, ukingo unakuwa wa rangi ya chai. Mkutano wa tatu, gundi inaachia na mbao mbili zinapanuka katikati. Wa nne, mpishi akiwa ametoka kwenda kupakua, moshi unaanza kutoka chini ya jiko, mahali ambapo jicho halifiki.

Chama kikibahatika, gharama itakuwa kaunta mpya na jiko jipya. Fedha hiyo itatoka katika ziada ya mwaka, ile ile ambayo wanachama walitarajia ipunguze deni la mbolea. Kisipobahatika, kuna mtungi ndani ya kabati lile.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza hauhusu ufundi wowote. Jiko la kupachika ni jiko la familia na la chai ya ofisi. Chama kinachopikia watu wengi kiwe na jiko la chuma la kusimama sakafuni, lenye miguu yake na plati yake kubwa, juu ya sakafu ya saruji. Hakuna namna ya kuikinga kaunta ya mbao dhidi ya sufuria la mkutano mkuu ambayo yafaa kuaminiwa. Kwa matumizi ya kila siku, kanuni ya kukumbuka ni kwamba sufuria yoyote isitokeze nje ya ukingo wa bamba la jiko.

Njia ya pili ya joto ni bamba lenyewe. Chuma hupokea joto kutoka kwenye plati na kulipeleka hadi pembeni, mahali linapolalia kaunta. Majiko yenye uso wa kioo, ambayo sasa yamejaa madukani, hupeleka joto pembeni polepole zaidi, lakini kioo hicho hupasuka ghafula vipande vidogo vidogo kikipata joto lisilo sawa, na sufuria pana ndiyo hulileta. Kwa jiko la chama, chuma kisichoshika kutu ni bora.

Njia ya tatu iko chini. Mwili wa jiko unaoning'inia ndani ya kabati hupata moto, na kabati likiwa halina matundu ya hewa, joto hukusanyika humo kama katika tanuri la mikate.

Iko na sababu nyingine ambayo mafundi wengi hawaikagui. Majiko mengine huletwa yakiwa yametumika katika nchi ambazo gesi huletwa nyumbani kwa bomba. Gesi ya bomba ni tofauti na gesi ya mtungi, na kitundu cha kupitishia gesi katika jiko lake ni kipana zaidi. Jiko hilo likiunganishwa na mtungi bila kubadilishiwa vitundu, hutoa moto mrefu, wa manjano, wenye masizi, unaolamba nje ya sufuria. Moto sahihi ni wa buluu na mfupi. Vivyo hivyo regulita: jiko la nyumbani hutaka regulita ya mgandamizo mdogo. Ile ya mgandamizo mkubwa, inayofungwa kwenye majiko makubwa ya mama lishe, isifungwe kwenye jiko la kupachika kwa sababu yoyote ile.

Mbao haiungui mara moja

Watu husema mbao haiwezi kushika moto bila kuguswa na moto. Kwa ubao mpya jambo hilo lina ukweli kiasi, kwani ubao mkavu kwa kawaida huwaka ukifikia nyuzi 250 hadi 300 na pakiwepo moto karibu. Lakini ubao unaopashwa kila siku kwa joto dogo kuliko hilo hubadilika. Maji yaliyobaki ndani yake hutoka, utomvu huyeyuka, nyuzi zake huanza kuwa kahawia, kisha nyeusi. Baada ya miezi au miaka, sehemu ile si ubao tena bali ni mfano wa mkaa, na kila mchoma mkaa anajua kwamba mkaa hushika moto upesi. Paini ni mwepesi zaidi katika hili kwa sababu ya utomvu wake, hasa penye vifundo. Fundi asikubali kifundo kikae ukingoni mwa tundu la jiko.

Chipubodi haina utomvu mwingi, lakini ina adui wawili. Gundi inayoshika fomaika hulegea kwa joto, na fomaika huinuka kama ngozi iliyoungua. Kisha uji na maji vinavyomwagika huingia katika ukingo ulio wazi, chipubodi huvimba, jiko huinuka upande mmoja, na moto hulala kuelekea upande wa pili.

Kipimo cha mshumaa

Kujua kama kaunta iko salama hakuhitaji chombo cha maabara. Mpishi apike kama siku zote kwa muda wa saa moja. Kabla ya kuanza, adondoshe matone ya nta ya mshumaa juu ya kaunta, moja likiwa kando kabisa ya bamba la jiko, la pili umbali wa vidole vinne, na la tatu umbali wa shubiri moja. Afanye hivyo pande zote: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Nta ya mshumaa wa kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65. Tone lisipoyeyuka hata lile la kwanza, kaunta haina tatizo. La kwanza likiyeyuka peke yake, ukingo unahitaji kinga. La pili nalo likiyeyuka, ama sufuria ni kubwa mno ama moto una kasoro, na jiko lisitumike mpaka sababu ijulikane.

Kisha pale tone la kwanza lilipoyeyuka, adondoshe maji kidogo kwa ncha ya kidole. Maji yakichemka na kulia, joto la kaunta limepita nyuzi 90. Hapo kazi isimamishwe siku ile ile. Kipimo hicho hicho kifanywe chini, kwa kubandika nta kwenye dari ya ndani ya kabati na kuikagua baada ya kuzima jiko.

Kukata tundu na kuikinga

Kitabu cha maelekezo kinachokuja na jiko ndicho kinachotawala vipimo, na katibu akihifadhi ofisini badala ya kukiacha kwa fundi. Kikiwa kimepotea, au jiko ni la mtumba, vipimo vifuatavyo vinafaa. Kutoka ukingo wa jiko hadi ukuta wa mbao ulio kando pawe na sentimita 15 au zaidi. Rafu au kabati la mbao lililo juu ya plati liwe juu kwa sentimita 75 au zaidi. Pazia lisiwepo kabisa. Dirisha lisiwe nyuma ya plati, kwa kuwa upepo wa Makambako, ambao haupumziki, hulaza moto upande mmoja na kuunguza kaunta hata kwa sufuria ndogo.

Tundu likatwe pana kuliko mwili wa jiko kwa milimita chache kila upande, ili chuma kisiguse mbao na hewa ipite katikati. Pembe za tundu zikatwe zikiwa za mviringo, kwani pembe kali ndipo nyufa huanzia, na hili ni kweli kwa mbao kama lilivyo kwa mawe ya marumaru na graniti. Baada ya kukata, ukingo wote mbichi upakwe vanishi au rangi ya mafuta mara mbili na kuachwa ukauke, ndipo ubandikwe utepe wa aluminiamu unaostahimili joto. Kazi ya utepe huo ni kurudisha joto lilikotoka na kuzuia unyevu. Karatasi nyepesi ya aluminiamu ya kufungia chakula haitoshi, maana huchanika siku jiko linapowekwa. Mpira mwembamba wa kuzibia unaokuja na jiko uwekwe chini ya bamba pande zote. Silikoni ya kawaida ya madirishani isitumike mahali pake. Iko aina ya kustahimili joto, na muuzaji aulizwe.

Chini ya jiko, fundi aweke ubao wa kutenganisha mwili wa jiko na vitu vya kabatini, ukiwa umeachana na chuma kwa sentimita kadhaa, na nyuma ya ubao huo paachwe uwazi wa hewa. Mpira wa gesi usipite chini ya mwili wa jiko wala kuugusa. Mtungi, uwe wa kilo 6, 15 au 38, ni vyema ukae nje ya nyumba, umesimama wima, kivulini, ndani ya kizimba chenye kufuli. Ikiwa hapana budi ukae kabatini, basi kabati liwe na matundu chini kabisa, yanayotoa hewa nje, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini kama maji. Matundu ya juu peke yake hayaisaidii.

Hapa lazima litajwe jambo moja lililofundishwa zamani na ambalo sasa limekatazwa na elimu. Katika miaka ya 1960 na 1970 mafundi walikuwa wakikata vipande vya asbestosi na kuviweka kati ya moto na mbao, na kwa kweli asbestosi haiungui. Lakini vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani ambayo hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Mapaa ya asbestosi bado yapo katika majengo mengi ya zamani, na vipande vilivyovunjika huonekana nyuma ya maghala. Visikatwe, visipigwe msasa, visiingizwe jikoni. Mabaki ya ubao wa jipsamu wa dari nayo hayafai sana, ingawa hayana sumu hiyo, kwa kuwa joto la kila siku huyafanya yawe unga na unyevu huyalainisha. Kitu chepesi na kilicho bora ni bamba la chuma kisichoshika kutu, lililoinuliwa juu ya kaunta kwa vipande vidogo vya vigae ili hewa ipite chini yake. Bamba lililolala moja kwa moja juu ya mbao huihamishia mbao joto lote.

Kaunta ya zege

Chama ambacho bado hakijajenga, kijenge kaunta ya zege na kuachana na mashaka yote yaliyotangulia. Watu hudhani ni gharama kubwa. Kaunta ya urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 8 ina ujazo usiofika sehemu moja ya kumi ya mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyo wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na saruji ya kusakafia inabaki. Nondo nyembamba zipite urefu na upana, na nyingine ziwekwe mbele na nyuma ya tundu la jiko, kwa sababu ule ukanda mwembamba unaobaki hapo ndio huvunjika kwanza. Tundu liachwe wakati wa kumwaga zege, kwa kuweka kisanduku cha mbao, wala lisije likatobolewa kwa nyundo baadaye.

Zege imwagiliwe maji siku saba angalau, na katika miezi ya baridi siku kumi au zaidi, kwa kuwa baridi huchelewesha kukomaa kwake. Jiko lisiwashwe juu yake kabla ya siku 28. Zege yenye maji ndani ikipata moto hupasuka usoni, kisha chama hulaumu saruji.

Upande wa vitabu

Jiko na kaunta ni mali ya chama, na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 haitofautishi mali ya jikoni na mali ya ghalani. Viandikwe katika daftari la mali za kudumu, kwa tarehe na bei ya kununulia. Makisio ya mwaka yawe na fungu dogo la matengenezo ya jiko, yaani mpira wa gesi unaobadilishwa kabla ya tarehe iliyochapwa juu yake kupita, utepe wa aluminiamu, na kizima moto cha unga kilichokaguliwa.

Fundi mara nyingi ni mwanachama, pengine ni ndugu wa mjumbe wa bodi, na ndiyo sababu mapatano naye yafaa yawe ya maandishi. Sehemu ya malipo izuiwe mpaka kipimo cha mshumaa kifanywe mbele ya wajumbe wawili na mpishi, na matokeo yaandikwe katika kumbukumbu. Mpishi asisahauliwe katika kikao hicho. Yeye ndiye anayesimama hapo kila siku, na ndiye wa kwanza kusikia harufu.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Sufuria kubwa kuliko zote inayotumika katika jiko la chama chenu ina upana gani, na bamba la jiko lina upana gani?

2. Nani aliamua mahali pa kuweka mtungi, na uamuzi huo umeandikwa wapi?

3. Fungueni kabati lililo chini ya jiko. Matundu ya hewa yako juu au chini, na gesi ikivuja itatokea wapi?

4. Kaunta ikiungua leo, fedha ya kuitengeneza itatoka katika fungu lipi la makisio, na ni kazi gani ya wanachama itakayosimama?